Haki ya Bibi Mpaka Finjani ya Mwisho

Mimi nikitunga kanuni, haina tundu. Ulizeni mji mzima wa Ibra.

Nyumbani kwetu Bibi Turkiya ana haki moja: hahami mtu akikataa yeye. Tatizo lilikuwa muda. Ami Khelef alihamia Bidbid, akatundika hata mapazia, mwezi wa pili Bibi akampigia simu: "Nimeshafikiri. Rudi." Akarudi na mapazia yake.

Basi binamu yangu Yazeed, anayesoma Marekani, akatuandikia kwenye kundi la WhatsApp kwamba jimboni kwao wananchi wanapiga kura kubadili muda aliopewa gavana wa kukataa sheria. Kumbe dawa ipo! Nikatunga yetu: Bibi ana ruhusa ya kukataa mpaka atikise finjani. Kwetu ukitosheka na kahawa unaitikisa finjani kidogo, usimiminiwe tena. Akitikisa kabla hajakataa, jambo limepita. Kura kumi na moja za ndiyo. Babu Marhun, kaka yake Bibi, hakupiga. Alikuwa amelala.

Ijumaa nikaleta jambo langu: kazi ya kusimamia nyumba ya wageni Misfat. Mwenyewe anataka jibu kabla ya maghribi, la sivyo anampa mwengine.

"Shikamoo, Bibi. Nataka kuhamia Misfat."

"Marahaba. Nimiminie."

Nikamimina. Akanywa, akanyoosha finjani, mkono umetulia kama nguzo. Siku zote hutikisa ya tatu. Ya tisa akaagiza tende.

"Bibi, kahawa nyingi itakudhuru moyo."

"Kanuni yako imesema finjani ngapi?"

Wallahi, haikusema.

"Kwa hiyo unakataa?"

"Nimekataa saa ngapi? Nakunywa."

Babu Marhun alikuwa kashaegemea ukuta, amelala tangu finjani ya pili. Shangazi Badria akaenda jikoni kuchemsha dele jengine la kahawa. Nikatazama saa yangu ya mkononi: zimebaki dakika nne.

Badria aliporudi alinikuta nimesimama.

"Katikisa! Na hajakataa. Jambo limepita!"

Bibi alikuwa akiitazama kahawa iliyomwagikia kanga yake.

"Katikisa nani?" akauliza Babu Marhun, macho kayafumba vilevile.

"Bibi, Babu."

"Ajabu. Mkono niliouona ukimsukuma kiwiko ulikuwa na saa."

Nikavuta mkono wa kanzu yangu ya dishdasha niifiche saa. Ulikuwa umelowa kahawa. Badria akanikabidhi dele, Bibi akanyoosha finjani, na nje adhana ya maghribi ikaanza.