Mkwaruzo Kwenye Dumu

Kaka yangu aliamini kwamba nakunywa spiriti ya kazi. Hakunitamkia. Alikwaruza tu mstari kwa msumari ubavuni mwa dumu, pale spiriti ilipoishia, kisha akaligeuza dumu ili mkwaruzo utazame ukuta, kana kwamba mimi ni kipofu.

Sikumlaumu. Kabla sijaokoka niliwahi kuinywa. Ni spiriti ya kuyeyushia magamba ya vanishi, tunayosugulia mbao kwa kitambaa mpaka zing'ae, na haikutengenezwa ipite kooni mwa mtu. Mimi niliipitisha. Niliuza randa ya marehemu baba, nikalala mitaroni, mke wangu akawachukua watoto akarudi kwao. Aliyeumwa na nyoka akiona ukamba hushtuka, na kaka nilikuwa nimemuuma mara nyingi.

Karakana ni yetu wawili. Yeye hukata, huranda na kuunga. Mimi hung'arisha. Harufu ya vanishi humbana kifua, kwa hiyo miaka yote hiyo hajawahi hata kukigusa kitambaa changu.

Shida ni kwamba spiriti ilikuwa inapungua kweli, kuliko kazi iliyofanyika. Mimi ndiye niliyekuwa naihamisha.

Kwenye kikundi chetu cha maombi tulifundishwa kwamba anayeacha pombe hakai peke yake nayo. Anamwambia mwenzake, na mwenzake anambebea upande mmoja wa mzigo. Yesu alinisamehe siku moja, lakini pua aliniachia ileile. Kaka akienda kwa wateja nabaki na dumu, na dumu linaniita kwa jina. Basi nikawa naitoa spiriti chupa moja moja, naipeleka mlango wa pili kwa mama cherehani, tunayesali naye. Asubuhi ananipimia ya kazi, jioni namrudishia iliyobaki. Ningelibeba dumu zima kaka angeuliza, na kumwambia niliona haya. Nilitaka aamini nimepona kabisa, kama mtu aliyetoka hospitali kwa miguu yake.

Kwa hiyo yeye alinichunguza, nami nikamchunguza anavyonichunguza.

"Bwana mdogo, mbona siku hizi unamung'unya pipi za mnanaa?"

"Jino linaniuma."

"Lipi?"

"La huku."

"Jana lilikuwa la kule."

Tukisali kabla ya kuanza kazi, alisogea karibu nikifika mwisho, apate kujua amina yangu ina harufu gani. Nikienda chooni, msumeno wake unanyamaza. Nikirudi unaendelea.

Ndipo tukapata kazi ya mimbari ya kanisa. Kaka ni mzee wa kanisa pale, na aliichonga kama anayemchongea Mungu mwenyewe, akatia msalaba kifuani mwa mimbari, wa mkono mtupu, hakuna mashine. Asubuhi moja niliinua dumu nijaze chupa, nikakuta spiriti imepanda juu ya pale nilipoiacha. Nikafikiri kaka ameongeza. Nikajaza, nikaipeleka kwa mama cherehani, na kesho yake akanipimia hiyohiyo.

Nilichanganya nayo vanishi, nikaipaka mimbari mkono wa mwisho, nikageuka kusuuza vyombo. Nilipoitazama tena ilikuwa imeingia weupe uso mzima, kama kioo kilichopumuliwa. Nikasugua. Ukungu ukazidi.

Kaka akaingia akasimama mlangoni, futi mkononi.

"Nini hicho?"

"Nikuulize wewe."

"Hiyo ni kazi ya mlevi," alisema. "Nilijua. Za mwizi arobaini."

"Kaka, umetia maji kwenye dumu."

"Nani kakwambia?"

"Mbao. Vanishi hii ikiguswa na maji inafanya hivi. Ungewahi kuishika siku moja tu ungejua."

Futi likashuka. "Nilitia ili isikuue," akasema, akiutazama msalaba wake uliofunikwa na ukungu. "Nilisema, kama lazima anywe, basi anywe yenye maji."

"Sasa kama nilikunywa, hii iliyofika kwenye mbao ilitoka wapi?"

"Na ile nyingine iko wapi?"

Nikamshika mkono, tukaenda mlango wa pili. Mama cherehani hakuinuka. Alisikiliza, akaingiza mkono chini ya rundo la vipande vya nguo, akatoa chupa zangu akazipanga mbele ya mashine.

"Mzee wa kanisa," alimwambia kaka, "ulipoona inapungua, ulimuuliza?"

"Angenidanganya."

"Pengine. Na wewe," akanigeukia, "ulimwambia?"

"Hapana."

"Mficha uchi hazai. Marehemu mume wangu alikuwa anaficha pombe, mimi nanusa. Anaficha, nanusa. Tuliendelea hivyo mpaka tukamzika. Haya, nitokeeni, mnanizibia mwanga."

Kaka alipotea mchana wote. Jioni alirudi na dumu jipya, halina mkwaruzo, akaliweka kwenye meza yangu ya kazi na ufunguo wa karakana juu yake.

"Nimekukosea," alisema. "Kuanzia leo sikuchunguzi. Naenda kwa mchungaji kumwambia mimbari haitawahi Jumapili. Wewe utafunga."

Akatoka. Alifikiri amenipa heshima.

Nikabaki na dumu. Hakuna alama, hakuna macho, na kaka ameshaniomba radhi, maana yake hata nikionja atachelewa kuuliza. Nilitega sikio mlango wa pili. Cherehani ilikuwa imenyamaza, mama alishafunga. Nilimwomba Mungu aiondoe ile hamu. Haikuondoka. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye kifuniko. Nikamwomba basi aniondoe mimi, na hilo miguu ikalielewa.

Nikalikumbatia dumu nikakimbia nalo barabarani.

"Fundi!" kinyozi aliita kutoka mlangoni kwake. "Leo unakunywa kwa jumla?"

Watu wakacheka. Sikusimama. Nilimkuta kaka kabla hajafika kwa mchungaji.

"Shika."

"Nimeshasema nakuamini."

"Usiniamini. Mimi mwenyewe sijiamini. Mungu ananishika, lakini ananishika kwa mikono ya watu, na leo mikono yenyewe ni yako. Shika dumu, kaka. Linaniita."

Akalipokea. Akakitazama kifuniko, akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi karakana akaniuliza kwa mdomo wake.

"Umekunywa?"

"Bado. Ndiyo maana nimekimbia. Ninuse."

Akaninusa kweli, pale pale barabarani, watu wakitazama. Kisha tukaenda kwa mchungaji pamoja, dumu likiwa upande wake.

Ilitugharimu hivi. Mimbari tuliikwangua mpaka mbao tupu, na msalaba ule wa mkono ukaliwa kingo, ukabaki kama kivuli. Jumapili mchungaji alihubiria kwenye meza ya kawaida. Kaka aliwaeleza wazee wenzake maji yaliingiaje, nao wakamwambia apumzike uzee wa kanisa kwanza. Mimi nilisimama kwenye kikundi nikasema yote, pamoja na randa ya baba, ambayo mpaka siku ile kaka alidhani iliibwa. Aliposikia akatoka nje. Mtaa mzima sasa unajua kwa nini fundi hakai peke yake na dumu lake, na kinyozi hajachoka kuliulizia.

Kila asubuhi kaka ananipimia spiriti mwenyewe, amejifunga kitambaa puani, na anakohoa mpaka saa sita.

Mke wangu alipelekewa habari kwao kwamba nililibeba dumu zima na sikunywa. Aliuliza kama lilikuwa limefunguliwa. Hajarudi.