Giaboksi ya Kaka Mhina

Usiku wa kuamkia leo niliota ninafunga giaboksi ya otomatiki kwenye pikapu ya kaka yangu Mhina, ambaye tulimzika mwezi wa tatu.

Kaka alipooza mguu wa kushoto, gari ya klachi ikamshinda. Akaniomba mimi mdogo wake, fundi wa magari hapa Muheza, nimfungie otomatiki ili aendeshe kwa mguu mmoja. Nikamwambia, "Wiki ijayo, kaka." Wiki hiyo ilichukua mwaka mzima, kisha akafa.

Katika ndoto nimelala chini ya pikapu, gereji kwangu. Giaboksi iko juu ya jeki, inanitazama.

"Umechelewa," inasema.

"Najua. Jiinue kidogo upande wa kulia."

Inajiinua.

Mguu wa kushoto wa kaka umekaa peke yake kwenye stuli, umevaa soksi na kiatu kilichopigwa rangi vizuri. Ni mguu wa mkubwa wangu, lazima niuamkie.

"Shikamoo."

"Marahaba. Ukiitoa klachi, niletee niiage. Tumefanya kazi pamoja miaka thelathini."

Nafungua pedeli ya klachi, naupelekea. Mguu unaipakata, haulii.

Kila anayefunga otomatiki anajua hili: konveta, lile bakuli la chuma linalokaa kati ya injini na giaboksi, lazima iingie mpaka ilie "ko" mara tatu. Usiposikia, usikaze boliti, utavunja pampu. Naizungusha, naisukuma. Haiingii.

"Inaingia kwa ukweli," inasema giaboksi. "Sema mara tatu."

Nageuka kutafuta tambara, naona tuko sebuleni kwa kaka. Pikapu imesimama juu ya zulia. Shemeji Mwanahawa, mjane wake, anapita na sinia la chai.

"Shemeji, mwenzako anakunywa na sukari?" ananiuliza, akimaanisha giaboksi.

"Muulize mwenyewe."

"Sukari hapana," inajibu giaboksi. "Inaharibu oili."

Kaka Mhina yuko kwenye kochi, amevaa kama mtu wa safari, fimbo kati ya magoti. Ananisubiri.

"Nilikwambia giaboksi hazipatikani," namwambia. "Ilikuwepo. Ilikuwa stoo kwangu, nimeifunika turubai."

Ko.

"Nilikwambia nina kazi nyingi. Siku nyingine nilikuwa nacheza bao tu."

Ko.

Ya tatu haitoki. Chai inapoa. Hakuna anayenihimiza, na hilo ndilo linaloniumiza.

"Nilipenda uniombe," nasema. "Tangu utoto wewe ndiye uliyekuwa unanibeba. Ulipougua ukawa unapiga simu, 'Hoza, nipeleke hospitali. Hoza, nipeleke shamba.' Nikaona ukiendesha mwenyewe hutanihitaji tena."

Ko.

Konveta imekaa. Kaka anaitazama kwanza, ndipo ananitazama mimi.

"Nilikuwa nakaa kibarazani tangu asubuhi," anasema, "nimeshavaa viatu. Siku nyingine hukuja kabisa. Machungwa yalinyauka na kuozea shambani, Hoza, na mimi niko kibarazani nimevaa viatu."

"Nisamehe, kaka."

"Kaza boliti."

Nakaza zote. Kaka anapanda, anauchukua mguu wake, anauweka kwenye kiti cha abiria na kuufunga mkanda.

"Na mimi nikae wapi?" nauliza.

"Gari imejaa, mdogo wangu."

Anaitoa gia kwenye P, anaiweka D. Pikapu inapita katikati ya ukuta taratibu, gia zinabadilika bila kushtua. Nami nimesimama nakanyaga kwa mguu wangu wa kushoto, kama vile namsaidia klachi. Chini ni zulia tu.

Nikaamka.

Asubuhi nilikwenda kwa shemeji. Pikapu ilikuwa bandani kama tulivyoiacha, magurudumu mawili hayana upepo, betri ilishatolewa siku nyingi. Niliweka kiganja kwenye boneti.

Ilikuwa ya moto.

"Kuna nini, shemeji?" Mwanahawa aliniuliza kutoka jikoni.

Nilibaki nimeuweka mkono pale pale mpaka boneti ikapoa.