Mama Yuko Mbeya

Yusta alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, anamenya viazi vya chipsi za mchana, Selemani wa mchele aliposhusha gunia mlangoni, akajifuta jasho na kumwambia kwamba mama yake anamsalimia.

"Mama yupi?" Yusta akauliza bila kuacha kumenya.

"Mama yenu, dada Yusta. Mama Shedrack. Nimemkuta juzi Iyunga, kando ya barabara kuu, anauza maparachichi. Anasema miguu inamuuma."

Yusta akamaliza kiazi kile, akachukua kingine. Mama yao, Veneranda, walimzika mwanzo wa mvua, na mahindi yaliyopandwa wiki ya msiba sasa yalikuwa yanamfika mtu kifuani. Selemani mwenyewe alikuwepo makaburini, tena alishika chepeo. Lakini Selemani ni mtu wa kutoa mchele Rujewa na kuusambaza kila upande, hana muda wa kubuni habari. Basi wakapima mchele kwanza.

"Yukoje?" Yusta akauliza walipomaliza.

"Amechoka," Selemani akasema. "Marehemu wenu amechoka, sikufichi."

Wala Yusta hakushtuka. Kaburi la mama lilikuwa linadidimia kila wiki, na kaka yao mkubwa, Shedrack, alikuwa akipeleka udongo kwa toroli huku analaumu mvua. Makaburi ya jirani yalinyeshewa mvua ileile, yakakaa sawa. Watu wa Nyololo waliliona hilo, ila nani aanze kulisema?

Kosa lenyewe lilifanyika kwenye kikao cha ukoo, asubuhi ya mazishi. Mdogo wake Yusta, Sosthenes, ni mwanamume mzima mwenye ndevu, aliyezaliwa na akili inayokwenda taratibu. Anachota maji, anapasua kuni, na basi likipiga honi kule kilimani anakutajia jina lake kabla halijaonekana. Kusoma hawezi. Kusema uongo hawezi pia, na wa wenzake haujui ulivyo. Ukimwambia jambo, analichukua lote kama ulivyompa, analiweka. Maisha yake yote alilala chumba kimoja na mama yake.

"Huyu hawezi kuelewa," Shedrack aliwaambia wazee siku ile. "Akianza kupiga kelele pale kaburini, nani atamshika? Mpelekeni Rujewa kwa mama mdogo, akaangalie mashine ya kukoboa mpunga. Si anaipenda?"

Wote wakaitikia, na wengine waliitikia kwa upendo kabisa. Sosthenes akapakiwa kwenye gari huku anacheka. Ulipofika wakati wa watoto wa marehemu kutupa udongo, kila mmoja akatupa wake, isipokuwa Sosthenes, ambaye saa ile alikuwa anatazama pumba zikiruka. Aliporudi nyumbani alikuta turubai limeshakunjwa, na kitanda cha mama hakina godoro.

"Mama yuko wapi?"

"Ameenda Mbeya," Shedrack akajibu.

Hapo ndipo walipoharibu. Wangesema amesafiri tu, wakanyamaza, pengine marehemu angetulia palepale walipomlaza. Wao wakataja mji. Na Sosthenes akaamini, akaamini kwa nguvu zake zote, mpaka ikambidi mama awe Mbeya.

Tangu siku hiyo Sosthenes alibadilika. Alianza kukojoa kitandani, jambo aliloliacha angali mtoto. Ugali aliusukuma pembeni. Alizifuta ndala za mama kila asubuhi na kuziweka mlangoni, kisha akaenda kusimama barabarani, na kila basi lililotoka upande wa Mbeya aliwatazama wanaoshuka mpaka wa mwisho. Majirani wakasema maskini ya Mungu, afadhali yeye hajui chochote. Shedrack akasema ni ukorofi, akazificha ndala. Mashuka alifua Yusta, asubuhi, kabla ya viazi, kwenye maji ya baridi ya kwao Mufindi yanayouma vidole, na wakati mwingine alilia hukohuko kwenye beseni kwa kuwa hapakuwa na nafasi nyingine ya kulilia.

Baada ya salamu za Selemani, Yusta akafunga banda lake la chipsi, akapanda basi la Mbeya.

Alimkuta mama pale alipoelekezwa, amekaa nyuma ya ndoo ya maparachichi, na kitenge walichomzikia kikiwa na vumbi la barabara.

"Kamwene, mama," Yusta akamsalimu kikwao.

"Kamwene. Mmechelewa."

Veneranda akampeleka chumbani kwake. Alikuwa amepanga uani, kwa mama mmoja aliyejua vizuri kwamba mpangaji wake ni marehemu na asiyekuwa na neno naye, kwani hachafui choo wala haleti wageni. Chumba kilikuwa na mkeka, jiko la mkaa na sufuria. Jiko lilikuwa safi, halijawahi kuwashwa. Mama akaketi, akanyoosha miguu. Ilikuwa imevimba mpaka magotini. Yusta akamwonea huruma mama yake.

"Sasa mama, unafanya nini huku?"

"Mnaniuliza mimi? Mlimwambia mtoto niko Mbeya. Ningekaa wapi? Nikaona nikikaa bure watu watanisema, nikaanza kuuza." Akajikanda goti. "Yusta, mwambieni nimekufa. Mseme hivyohivyo, amekufa. Msimwambie nimelala, ataogopa kulala. Mpelekeni kaburini atupe udongo wake, alie mpaka amalize, na mtu akae naye anapolia. Mwanangu anajua kulia. Ni nyie mnaoogopa kumsikia."

"Si umwambie mwenyewe? Anakusubiri wewe kila siku pale barabarani."

"Weh! Umeona wapi marehemu anatangaza msiba wake? Msiba unatangazwa na wafiwa. Hiyo kazi ni yenu."

Yusta akaahidi. Alirudi Nyololo na ahadi hiyo, na Jumapili baada ya ibada akaitisha kikao, akaeleza yote: chumba, miguu, maparachichi, na maneno ya mama yalivyokuwa. Sosthenes alikuwa nje anapasua kuni. Shedrack alisikiliza akiwa ameinama, na Yusta akadhani hatimaye aibu imemwingia.

"Kwa hiyo chumba anacho," Shedrack akasema.

"Anacho."

"Na biashara inakwenda."

"Inakwenda kidogo kidogo. Kaka, amesema—"

"Basi Sosthenes aende akakae naye. Si mama yake?"

Watu wakashusha pumzi chumba kizima. Mzee wa kanisa akasema Mungu ana njia zake, akaomba aongezewe sukari kwenye chai. Shangazi akasema hata kijana mwenyewe atafurahi, jamani, tazameni anavyoshinda juani kwa ajili ya huyo mama.

"Amesema amechoka," Yusta akasema. "Amesema tumwambie ukweli."

"Nani hajachoka, Yusta? Wewe hujachoka?"

Yusta alikuwa amechoka, na Shedrack alijua. Akafikiria asubuhi isiyokuwa na beseni la mashuka, akahisi kifua chake kimekuwa chepesi, akajichukia kwa wepesi ule, na akanyamaza.

Wakasafiri wiki ileile, Yusta na Sosthenes, na begi la nguo. Sosthenes alivaa shati la Krismasi. Njia nzima alikaa dirishani, akiwaambia abiria kwamba anaenda kwa mama, na abiria wakamwambia vizuri, msalimie.

Pale Iyunga, Veneranda aliwaona kwa mbali, akasimama akishikilia ukuta. Alimtazama Yusta kwanza, usoni, kama mtu anayeuliza. Yusta akatazama chini. Sosthenes akaliachia begi njiani, akaenda mbio, akamkumbatia mama yake mpaka ndoo ikapinduka na maparachichi yakabingirika barabarani. Alicheka, na Yusta hakukumbuka alimsikia lini akicheka vile.

Waliingia chumbani. Sosthenes akaishika mikono ya mama, akaigeuza, akaisugua.

"Mama, una baridi."

"Ndiyo Mbeya hii, baba."

"Kwetu ndiko kwenye baridi," Sosthenes akasema, na kweli, hakuna mtu wa Mufindi anayedanganyika na baridi ya Mbeya. Akainama, akaweka sikio kifuani kwa mama, pale alipozoea kuliweka tangu mdogo ili apate usingizi. Akasikiliza. Akahamisha sikio kidogo, akasikiliza tena. Halafu akanyanyuka, akageuka.

"Dada. Mama amekufa?"

Hakuuliza kwa kulia. Aliuliza kama alivyouliza mambo yote, ili ajibiwe.

Veneranda hakungoja zaidi. Akajilaza kwenye mkeka, akaunganisha miguu, akakunja mikono kifuani, macho yake yakiwa kwa binti yake. Uso wake ulikuwa umelainika tayari. Lilibaki neno moja la Yusta.

Na Yusta alilijua lile neno. Akilitamka, mkeka utabaki mtupu, na Sosthenes atabaki mikononi mwake, akilia kwa sauti yake kubwa kuanzia Iyunga, kupita njia panda ya Rujewa, mpaka nyumbani. Atalia mbele ya Shedrack, mbele ya wateja, asubuhi, mchana, na itabidi mtu akae naye, na mtu huyo atakuwa Yusta, miaka yote iliyobaki. Alimpenda mdogo wake. Alimpenda kweli, na mwili wake wote ulikuwa umechoka.

"Hapana, Sosthe," akasema. "Amechoka tu."

Sosthenes akalichukua jibu lile, lote, akaliweka. Akaitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

Veneranda aliendelea kulala vile kwa kitambo, pengine binti yake ataongeza neno. Yusta hakuongeza. Basi mama akakunjua mikono, akajizoazoa, akasimama kwa kushika goti, akamuuliza mwanawe kama amekula njiani. Sosthenes akasema bado.

"Haya, kaniletee maji pale bombani, baba."

Akatia mkaa kwenye jiko, akachutama, akaanza kupuliza. Yusta alisema anawahi basi, akaaga, mama akaitikia bila kugeuka. Moto ulichelewa sana kushika, kwa kuwa anayepuliza hakuwa na pumzi.