Papa Hakuandikiwa Kitu

Watu wa Mabanga, mtaa wa Goma, wanapenda mwenye msiba alie. Asipolia, wanamtazama kwa jicho la pembeni, na wakikutana bombani wanaulizana kama kweli alikuwa akimpenda mumewe. Mwalimu Alima hakulia. Si kwa ushujaa, wala si kwa roho ngumu. Mumewe Ridhwani alitoka na lori kwenda kuchukua samaki Vitshumbi, siku chache kabla vita haijaingia mjini, simu yake ikazimika, na tangu hapo Alima alikufa ganzi mwili mzima, kama mguu uliokaliwa. Alipika, alifua, alifundisha. Mama mkwe wake alikuwa na mkono mzito wa pilipili, mboga zake zilishawatoa wageni machozi, na Alima alizila bila kuomba maji.

Mwaka ukapita. Madereva wengine wa njia ile walikwisha kurudi, wengine walizikwa na watu wao wakajua pa kulia. Ridhwani hakuwa huku wala kule. Ndipo mama mkwe, Mama Mwanaheri, alipoanza kumsukuma. Alitaka mwanawe asomewe khitma, Alima akae eda kama wajane wenzake, mambo yajulikane. Shehe Aruna alikubali kusoma, ila alisema hatamsomea mtu dua ya maiti kabla mkewe hajatamka kwa kinywa chake kwamba amekufa. Basi neno moja la Alima likawa linangojwa na ukoo mzima, kuanzia Goma hadi Kasongo. Kila jioni aliulizwa, na kila jioni alijibu, "Bado, mama."

Kisha alipakua chakula. Nyumba ile ilikuja na desturi yake kutoka Maniema: asiyekuwepo huwekewa sehemu yake kwanza, ndipo waliopo wale. Alima aliijaza sahani ya Ridhwani, akaifunika kwa sahani nyingine, akaipandisha juu ya kabati. Asubuhi chakula kile kilikwenda kwa kuku wa jirani. Kuku wale walinenepa mpaka wakashindwa kuruka ukuta, na mwenye nao akawa anajisifu kwamba anajua kufuga.

Shuleni Alima alikuwa na darasa la tano. Shirika moja la msaada lilikuwa limeacha pale tableti sita pamoja na betri ya jua, na mkuu wa shule, Birindwa, ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Directeur, alizibeba hadi darasani kama anabeba mayai.

"Madame Alima," alisema, "wewe ndio uko na roho ya polepole. Utabafundisha batoto."

Ganzi yake Directeur aliiona subira. Alima akazipokea.

Kazi yenyewe ilikuwa kuwafundisha watoto kuipa mashine maagizo. Hakukuwa na kuandika herufi nyingi. Ndani ya tableti mna vipande vya rangi, kila kimoja na agizo lake: tembea, geuka, sema, rudia, ngoja. Mtoto huvivuta kwa kidole na kuvipachika kimoja chini ya kingine, kisha hugusa bendera ya kijani, na vijitu vilivyochorwa kwenye kioo hutenda vilivyoambiwa, si zaidi wala si pungufu. Alima aliipenda kazi hiyo, ikiwa tunaweza kusema kwamba bado alikuwa anapenda kitu. Kijitu hakikuulizi umelalaje. Hakikupi pole.

"Mashini haina akili," aliwaambia watoto kila somo. "Iko na utii tu."

Siku hiyo aliwagawa makundi na kuwaambia waonyeshe nyumba zao jioni, wakati wa kula. Darasa likajaa kelele. Kundi la Assani lilimpa mbuzi vipande vingi kuliko binadamu wote wa nyumba ile, na mbuzi akawa anaruka juu ya bati na kurudi. Umurerwa, msichana mwembamba ambaye wazazi wake walitoka Rutshuru, yeye alifanya kazi kimya na kundi lake. Alichora mama, watoto wawili, chungu kinachofuka moshi, na Papa ukingoni, mbali kidogo na mlango. Baba yake halisi, Ntirenganya, ni fundi wa kujengea mawe, mzima wa afya, na kila siku akitoka kazini hupita mbele ya shule akipiga mluzi.

Umurerwa akagusa bendera ya kijani. Hakuna kilichotokea. Akagusa tena. Mama alisimama na mwiko wake, watoto wakasimama, chungu kikafuka.

"Imekufa," Assani akasema toka nyuma, kwa furaha.

Alima akainama juu ya kioo. "Juu ya nini habakule?"

"Banangoja Papa, madame. Kwetu, bila Papa kuingia, hakuna mutu anakulaka."

Kweli. Chini ya mama palikuwa na kipande kimeandikwa "ngoja mpaka", na ndani yake, "Papa ameugusa mlango". Chini yake, "kula". Watoto nao hivyo hivyo. Vipande vilikaa sawasawa, na hapakuwa na kosa hata moja. Alima akamgusa Papa ili aone vipande vyake. Mahali pake palikuwa peupe.

"Na Papa, ulimuandikia nini?"

"Hakuna kitu." Umurerwa alimshangaa. "Papa anajua mwenyewe saa ya kurudia. Nani anaambiaka Papa arudie?"

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, maana ni jambo linalojulikana. Alima akapita kwenye tableti nyingine. Mama wa kila nyumba alikuwa na msururu wa kazi usiokwisha, kama akina mama wa Mabanga wenyewe. Watoto waliteka maji, walifagia. Akina papa wote walikuwa weupe. Hata kwa Assani, mbuzi alikuwa na maagizo na baba hana.

Alima akarudi mbele kufafanua, kwa sauti ile ile ya kila siku.

"Mashini haijue kama Papa ni Papa. Kama hukumuandikia kutembea, hatatembea. Hawa batangoja mpaka batri ikwishe." Akaonyesha kioo. "Na programu haiharibike, musiseme imekufa. Inafanya kazi muzuri. Iko inangoja kitu chenye hakuna mutu aliandika."

Akayasikia maneno yake mwenyewe. Kifuani kitu kilijongea kidogo, na kiliuma, maana damu ikianza kurudi kwenye mguu uliokufa ganzi, haiji kwa upole.

Alidhani Umurerwa sasa atampa Papa hatua zake, jambo la kipande kimoja tu. Mtoto alifikiri, ulimi nje. Kisha badala ya kumgusa Papa, alimwendea mama. Akakivuta kile kipande cha "ngoja mpaka" na kukitupa kando, akaweka "ngoja" ya kawaida, ile ya kuhesabu sekunde.

"Kama Papa anachelewa," alieleza, "mama anangojaka kidogo. Kisha anasema mukule. Anamuwekea yake."

"Na Papa?"

"Ataikuta."

Bendera ikaguswa. Mama akangoja kidogo, akasema "Kuleni", na watoto wakala. Papa alibaki ukingoni, pale pale. Darasa likapiga makofi. Alima akasema ni vizuri sana, akatoka uani, akauegemea ukuta wa mawe meusi. Alingoja alie. Hakulia, akarudi kufundisha hesabu.

Jioni Mama Mwanaheri alikuwa jikoni anasonga bugali, sombe ya majani ya muhogo iko tayari pembeni pamoja na dagaa wa sambaza wa kukaanga. Hakugeuka.

"Alima, leo unasema je?"

Aliuliza kama mtu anavyoulizia mvua. Alima alikuwa ameshika sahani ya Ridhwani, tupu bado.

"Mama, mumuambie Shehe Aruna. Ijumaa basome."

Mwiko ukasimama ndani ya bugali.

"Unasema nini?"

"Ridhwani amekufa, mama."

Alima alitegemea dua, au pole, au angalau pumzi ya mtu aliyetuliwa mzigo. Bibi huyu alikuwa amelivuta neno hili mwaka mzima. Lakini Mama Mwanaheri alipogeuka, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeletewa habari sasa hivi, mlangoni, na mgeni asiyemjua.

"Nilikuwa nakuuliza," alisema polepole. "Kila siku nakuuliza, wewe unakatala. Mimi nilikuwa nalala muzuri juu ya vile wewe unakatala."

Alima aliona aibu, na huruma, vyote viwili kwa pamoja, na alishangaa kuviona.

Mama Mwanaheri akamchukulia sahani mikononi. Akaijaza bugali, sombe, na sambaza wengi kuliko waliobaki kwa wao wawili. Akaifunika. Akanyoosha mikono kuipandisha juu ya kabati, lakini yeye ni mfupi na kazi hiyo haikuwa yake. Alima akaipokea, akaiweka mahali pake.

Wakaketi.

"Ijumaa," Mama Mwanaheri akasema.

"Ijumaa, mama."

"Basi kula, mwanangu."

Alima akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni. Sombe ilikuwa na pilipili nyingi, kama siku zote. Akaomba maji.