Dawati la Dirishani

Wazazi wa shule ile walikuwa wamechoka kuambiwa mambo yakiwa yameshapita. Bodi ilijifungia ofisini, ikatoka na maamuzi, basi. Mwishowe wakadai wawe na mtu wao ndani, wakamchagua Mama Vifungo, fundi cherehani aliyewashonea watoto wao sare. Huyu ana mdomo, walisema, huyu hawatamziba. Wifi yake, mke wa kaka yake, alipiga vigelegele hadi sauti ikamkauka.

Walimziba kwa kiti. Hakuna aliyemtisha. Walimvutia kiti chenye mto, wakamwita mheshimiwa mjumbe, Mwalimu Mkuu akammiminia chai kwa mkono wake mwenyewe. Mwanamke aliyezoea kugombana na wauza vitambaa mpaka wakaomba radhi akakaa kimya na kikombe chake, mpole kama bi harusi.

Kikao kilichofuata akaitwa fundi mwashi. Hakuzungusha maneno: ukuta wa darasa la mwisho umeachana na msingi, watoto watolewe leo, wasingoje kesho. Alipotoka, Mwenyekiti akafunga mlango nyuma yake.

"Tukitangaza hili, wazazi watahamisha watoto, shule itakufa. Tusubiri likizo, tujenge kimya kimya. Na utaratibu wetu mnaujua: ya kikaoni hayatoki nje." Akamgeukia Mama Vifungo. "Mjumbe wa wazazi, tuko pamoja?"

"Tuko pamoja," akasema. Chai ilikuwa bado ya moto.

Asubuhi yake alimfuata mwalimu wa darasa hilo la mwisho, akamdanganya kwamba binti yake anaumwa macho, mwanga wa dirishani unamchoma, apelekwe upande wa mlangoni. Dirisha lenyewe lilikuwa kwenye ukuta ule. Akarudi kwenye cherehani yake akijiona mjanja. Nani angekaa pale baada ya binti yake, hilo hakuuliza.

Jioni alilijua. Mtoto wa kaka yake aliingia kibandani mbio, mama yake nyuma.

"Shangazi! Nimepata dawati la dirishani!"

Darasa zima lililitamani dawati lile kwa ajili ya upepo. Mama Vifungo aliinamia sindano, akajifanya anatafuta tundu lake.

"Haya, mheshimiwa," wifi akamtania, "huko ndani mmeongea nini? Tupe na sisi."

"Ya kawaida tu, wifi. Vyoo, chaki."

"Makubwa! Tumekuchagua uwe masikio yetu, umekuwa bubu."

Wakacheka wote wawili. Alijiambia likizo haiko mbali. Mungu amsamehe, maana mimi ninayewasimulia nimeshindwa.

Mvua haikusubiri likizo. Ukuta uliporomoka katikati ya kipindi cha hesabu. Watoto wa upande wa mlangoni walitoka wamejaa vumbi, wanalia, wazima. Wa dirishani alifukuliwa na walimu kwa mikono yao. Hospitalini wakamkata mguu juu ya goti.

Mkutano ulifanyika uani, maana ofisi isingewatosha. Mwenyekiti alisema kilichotokea ni ajali, bodi haikuwa na taarifa yoyote. Wazazi wakapiga kelele, wengine wakasimama juu ya viti. Ndipo wifi akainua mkono. Alikuwa ametoka hospitali moja kwa moja, nguo zimemkunjika mwilini.

"Jamani, tusikilizane. Si tuna mtu wetu humo ndani? Wifi, simama uwaambie. Kungekuwa na jambo, wewe ungeniambia mimi kwanza."

Mama Vifungo akasimama. Mwenyekiti alimkazia macho, akatikisa kichwa kidogo tu. Alitamani ardhi ipasuke immeze, nayo ikabaki vilevile, na watu wote wakamngoja.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini, wifi?"

"Ukuta. Tuliambiwa wote kikaoni. Nikamhamisha wa kwangu."

Mkono wa wifi ulikuwa bado umenyooshwa kuelekea kwake, kama mtu anayemshika mwenzake asianguke. Ulichukua muda kushuka.

"Tangu azinduke anamlilia shangazi yake," wifi akasema. "Nikamwambie nini?"