Mwendo wa Somoe

Mbaraka, mpiga picha wa serikali, aliziba madirisha ya ghala la mbata la Kilindoni kwa magunia apate giza la kuonyesha sinema mchana. Ilikuwa mwaka wa sabini na nne. Shuka jeupe lilitundikwa ukutani, jenereta ikanguruma nje, na watu waliohamishwa kutoka upande wa Ras Mkumbi wakaketi juu ya majamvi kujitazama wakihama.

Filamu hiyo aliipiga kwa kamera mbili. Ile kubwa ilikwisha betri njiani, akamalizia na kamera ya zamani ya kuzungusha ufunguo. Kubwa huchukua picha ishirini na nne kila sekunde. Ya zamani huchukua kumi na sita. Alizikata kwa wembe na kuziunga pamoja bila kuzilinganisha, maana aliharakishwa. Mashine ya kuonyeshea haikujua habari hizo, ikazitoa zote ishirini na nne. Kilichochukuliwa na kamera ya zamani kikaenda mbio. Mzee Kombo alionekana akichapuka na kitanda kichwani, na Somoe, mtoto wa miaka saba, akimfuata mbio na kuku kwapani. Watu walicheka hadi wakafuta machozi.

Asubuhi yake, Mzee Kombo, Somoe na yule kuku waliamka na mwendo ule ule.

Kijiji kilizoea. Kuku alitaga mayai matatu kila siku mbili, na majirani wakaomba vifaranga. Mzee Kombo alikuwa amebakiza miaka mitatu ya kuishi, akaimaliza kwa miwili. Somoe alisema haraka kama chiriku, na mama yake, Mashavu, akawa anaambulia neno mojamoja.

Mashavu hakuonekana kwenye filamu. Kipande chake kilikuwepo, tena kizuri, cha kamera kubwa: ameukumbatia mnazi na mgambo wawili wanambandua vidole. Mnazi huo ulipandwa siku kitovu cha Somoe kilipozikwa chini yake, na Mashavu alikuwa amekataa kuuacha. Ndugu Matano, msimamizi wa uhamaji, aliagiza kipande hicho kiondolewe.

Miaka miwili baadaye Mashavu alimchukua mwanawe wakaenda kwenye mahame. Mnazi ulikuwa na miaka tisa. Somoe alikuwa na kumi, na kanzu yake ilishampanda magotini. Mnazi na mtoto hawakuwa marika tena. Mashavu alikaa chini akapiga hesabu ya wapi mambo haya yangeishia, akaona siku atakayomzika mwanawe akiwa mzee kuliko yeye. Alilia kwa sauti, kwani kule hapakuwa na mtu wa kumsikia.

Mbaraka aliporudi Kilindoni kuiongezea filamu ile vipande vya maendeleo, Mashavu alimkuta ghalani akikata filamu kwa wembe.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mwanangu, umenichukulia mtoto. Nirudishie.”

Mbaraka alimweleza kwamba dawa ilikuwepo: kila picha ya pili irudiwe mara moja, zile kumi na sita zifike ishirini na nne, na Somoe angetembea kama watu wengine. Alikwenda kuomba ruhusa. Ndugu Matano aliitazama filamu, akatabasamu.

“Hapa wananchi wanaonyesha ari, Ndugu Mbaraka. Leo unataka wajikokote?”

Mbaraka alirudi na jibu. Mashavu aliinamisha kichwa. Kisha akasema, “Kama yeye hapunguziki mwendo, basi niongezeni mimi.”

Ndugu Matano alikubali mara moja. Masharti yake yalikuwa kwamba mama atoke kwenye mahame, abebe mzigo, na acheke.

Walikwenda wote watatu, Mashavu, Somoe na Mbaraka na kamera yake ya zamani. Mashavu alijitwika mkeka. Alisimama kidogo chini ya mnazi, akaupapasa, kisha akauacha kwa miguu yake mwenyewe.

“Cheka, mama,” Mbaraka alisema, na yeye mwenyewe hakuweza kumtazama ila kupitia kioo cha kamera.

Akacheka.

Filamu ilisafishwa Dar es Salaam, ikaungwa, ikaonyeshwa katika ghala lile lile. Kipande cha vidole Mbaraka alikitupa jalalani, maana alihitaji kopo lake la kuwekea filamu. Asubuhi Somoe alisema, “Mama, jana usiku ulikoroma,” na Mashavu akasikia kila neno. Furaha ilimjaa hata akaunguza uji.

Wiki hiyo Ndugu Matano alileta wageni kijijini. Aliwaonyesha Mashavu kwa kidole.

“Huyu ndiye yule mama mliyemwona kwenye filamu. Alihama kwa hiari yake, tena kwa furaha.”

“Sikuhama,” Mashavu alisema. “Mliniburura. Mkaichoma nyumba yangu, mkanivunja kidole mkinibandua kwenye mnazi wa mwanangu.”

Alisema kwa mwendo wake mpya. Wageni walisikia mlio kama wa chiriku, wakaupenda, wakapiga makofi.

Somoe peke yake ndiye aliyesikia yote. Alimshika mama yake mkono, ule wenye kidole kilichopinda, wakaenda zao kuteka maji.