Hawasemezani

Siku Bi Kidawa alipouona mkeka wake umegeuka plastiki, alikuwa amekwenda mjini Kilindoni kununua rangi ya ukindu. Mkeka ulitundikwa mlangoni mwa duka, unang'aa kama samaki mbichi. Mistari ilikuwa ile ile, myekundu na myeusi, mmoja umelalia kulia, wa pili kushoto, kama watu waliopeana migongo.

"Umetoka wapi huu?"

"Ng'ambo huko, bibi. Unaoshwa kwa sabuni."

"Na aliyeubuni?"

Mwenye duka akacheka. "Mashine."

Rangi akaisahau. Alikwenda moja kwa moja kwa Goodness, binti wa kutoka bara, afisa utamaduni.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Mwanangu, nimeibiwa."

Goodness alimsikiliza hadi mwisho. "Tunaweza kuuombea mkeka wako usajili wa hakimiliki," akasema. "Nisikudanganye, sheria haitaishusha mikeka ile madukani kesho. Ila atakayetaka kuuiga tena atajua una mwenyewe. Nani aliubuni?"

"Andika Kidawa binti Matano."

"Peke yako?"

"Kwani hapa unaona watu wangapi?"

Goodness akatabasamu, akaomba asukiwe mkeka mpya wa kupigwa picha, maana ule wa zamani uliobaki ulikuwa umechakaa.

Hapo ndipo kazi ilipomgomea Kidawa.

Marehemu mumewe, Sudi, alikuwa mshona matanga ya majahazi mwenye wake wawili wasiosemezana, kila mmoja akimsubiri kwa zamu: Kidawa mkubwa na Aziza mdogo. Kidawa alisuka ukili mrefu, ule utepe wa ukindu unaoshonwa kuwa mkeka, kwa ajili ya chumbani, akautundika barazani ili mwenzake auone na aumie. Aziza akasuka wake kwa rangi zile zile, akautundika kando. Lakini Aziza ni wa shoto, na ukili wake ukalalia upande wa pili. Sudi, aliyechoshwa na vita vya baraza, akazichukua kili zote mbili, akazishona pamoja kwa sindano yake ya matanga, akalalia. Majirani walipouona mkeka walicheka, wakaupenda, wakaupa jina: Hawasemezani. Tangu hapo aliyeutaka aliagiza nusu kwa mlango huu na nusu kwa mlango ule. Sudi alipofariki, Aziza alirudi kwao kisiwani Jibondo, na mkeka ukakoma.

Sasa Kidawa alijaribu kuugeuza ukili wake ulalie kushoto. Upande wa nyuma ukatoa vichwa vya ukindu, vimechomoza kama ndevu. Akajaribu kusuka kwa shoto, ukapinda kama njia ya mlevi. Akafikiri ampelekee Goodness hivyo hivyo. Nani angejua? Kisha akakumbuka kwamba hata yule wa ng'ambo lazima alijiuliza vivyo hivyo: nani atajua?

Asubuhi alivuka kwenda Jibondo.

Aziza alikuwa mlangoni kwake, anachana ukindu.

"Hodi."

"Karibu. Umekuja kuzika au kukopa?"

"Kukopa."

"Mimi nina nini cha kukukopesha?"

"Mkono."

Aziza akauinua wa shoto, akautazama kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Huu? Si ndio ulioukatalia wali miaka yote ile? Ulisema huli kilichopakuliwa kwa mkono wa chooni."

Kidawa akayaacha maneno mazuri aliyoyapanga njia nzima. "Nilisema," akajibu. "Na leo mkeka wetu unatengenezwa na mashine isiyo na kulia wala shoto."

Aziza aliingia ndani. Akatoka na chungu cha wali na sahani moja, akapakua kwa shoto, taratibu, macho hayabanduki kwa mgeni wake. Kidawa akala. Akala mpaka punje ya mwisho.

"Chumvi imezidi," akasema.

"Wali wangu ndivyo ulivyo. Ungekuwa unakula ungejua."

Wakasuka pamoja, kila mmoja ukili wake, kisha wakazishona kili hizo wenyewe. Mkeka ulipokamilika wakaupeleka kwa Goodness. Kidawa ndiye aliyesema, kabla hajaulizwa: "Nilikudanganya. Tuko wawili. Huyu ndiye nusu ya pili."

Goodness aliupiga picha mkeka, akaandika majina mawili. Kisha akapitisha kidole pale kili mbili zinapokutana. "Na aliyeziunganisha mara ya kwanza ni nani? Uzuri wote si uko hapa?"

Wazee wale wakatazamana.

"Sudi?" Aziza alishangaa. "Sudi alitafuta pa kulala tu!"

"Sindano ile ilikuwa ya tanga," Kidawa akaongeza. "Ametoboa toboa kili zangu."

"Na zangu!"

Goodness akasubiri, kalamu mkononi. Kidawa akaupapasa mshono. Kweli, kama si mwanamume yule na uchovu wake, zingebaki kamba mbili za chuki juu ya msumari.

"Mwandike," akasema. "Lakini mwandike chini yetu. Safari hii yeye ndiye wa kusubiri zamu."